Guka alikuwa saisi Njoro: farasi madume ya masetla na matangazo yake gazetini

Mjukuu wa Saisi

Wakuu, habari za jioni. Miaka yote humu nimekuwa msomaji tu, leo nafungua uzi wangu wa kwanza. Ni mrefu, mnivumilie.

Guka yangu, yaani babu mzaa baba kwa wasio Wakikuyu, alikuwa saisi kwenye shamba la setla (mlowezi wa Kizungu) mmoja upande wa Njoro, Kenya, tangu katikati ya miaka ya 1930 hadi 1953. Saisi ni mtunza farasi. Neno ni la Kiarabu, Wazungu walilibeba kutoka India wakaja nalo huku. Pale shambani kulikuwa na masaisi kadhaa, ila guka alikabidhiwa mnyama mmoja peke yake: dume. Hakuhusika na farasi wa kupanda Memsaab wala wa kukokota gari. Dume huyo aliletwa kwa meli hadi Mombasa, akapanda treni hadi Njoro, na kazi yake duniani ilikuwa kupandishwa majike ya shamba lile na majike ya majirani waliolipa.

Guka alikuwa na kidole cha kati cha mkono wa kushoto kisicho na pingili ya mwisho. Tukiwa wadogo tulikuwa tukigombania kukigusa. Tukimuuliza anasema, "Hicho alikula Thiriba." Akisema hivyo hasikiki kama anamlaumu mtu. Anasikika kama anayetaja mkwe.

Sasa kilichonifanya nije hapa. Mwezi uliopita jamaa yangu anayekusanya vitu vya kale alinionyesha kurasa za magazeti ya wakati huo, na ndani yake nikakuta matangazo ya madume. Yamepangwa kama ya mitumba ya leo, ila lugha yake ya kifalme. Jina la dume kwa herufi nene. Chini yake baba yake, mama yake, na baba wa mama yake. Rangi. Kimo kwa viganja, kiganja kimoja inchi 4. Mbio alizoshinda huko kwao. Kisha ada, nayo kwa gini. Kisha bei ya malisho ya jike atakapokuwa pale akisubiri. Mwisho kabisa, kwa herufi za kupofua macho: mwenye shamba atamtunza jike kadiri awezavyo lakini hawajibiki kwa ajali wala ugonjwa.

Gini moja ilikuwa shilingi 21. Guka kwa mwezi alikuwa akipata shilingi 14 na posho. Hata ada ingekuwa gini moja tu, na haikuwa moja, ni mwezi mzima na nusu wa jasho lake kwa shughuli isiyomaliza dakika moja.

Jambo jingine linaloniganda kichwani. Dume alikuja na karatasi ya ukoo inayorudi nyuma vizazi na vizazi. Guka naye alikuwa na karatasi: kipande, kile cha kuvaa shingoni kwenye kikopo cha bati, alama za vidole na jina la mwajiri. Siku jike analetwa, setla anatoa karatasi ya dume mezani kumwonyesha jirani, na guka amesimama mlangoni na yake kifuani.

Nataka kujua biashara hii ilivyokwenda kwa jumla, na kama kuna anayeweza kunisaidia kumtambua dume mwenyewe. Jina nililonalo ni lile alilomwita guka tu: Thiriba Tirimu.

Kondoa Kwetu

Nimeweka kiti hapa mbele kabisa. Endelea mkuu.

Mwenye Nchi

Samahani mtoa mada, lakini hizi hadithi za farasi wa wakoloni zinatusaidia nini? Watu walinyang'anywa ardhi, wewe unaleta habari za gini na ukoo wa farasi. Ndiyo ile ile ya kuwasifia kina Delamere, yule lodi wa masetla.

Mjukuu wa Saisi

Mwenye Nchi, hakuna aliyesifiwa. Ngoja nikupe kipande nilichokiacha.

Baba yake guka alikuwa skwota. Alihamia Bonde la Ufa na mbuzi na ng'ombe wake kwa sababu mwanzoni masetla walikuwa na ardhi nyingi kuliko watu wa kuilima, wakawaruhusu waje na mifugo, walipe kwa kazi. Baadaye masetla walipopata ng'ombe wao wa maziwa, mifugo ya maskwota ikageuka kuwa uchafu. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ikaja ile ambayo maskwota wenyewe waliiita kifagio. Jina linajieleza. Walifagia. Aliyekuwa na mbuzi mia alibaki na wa kuhesabu kwa vidole, au aliuza kwa bei ya kutupa, au alihama. Guka alikuwa mvulana wa miaka kama 11, alizaliwa mwaka wa ile homa kubwa ya 1918. Aliona zizi la baba yake likibaki miiba mitupu.

Na fahali wa Mwafrika aliitwa mbegu mbovu. Kwenye mashamba mengi alihasiwa au aliondolewa, asije akamkaribia ng'ombe wa setla. Kwa hiyo wilaya hiyo hiyo, miaka hiyo hiyo, kuna dume anatangazwa gazetini apandishwe, na kuna fahali anafungwa kamba akatwe. Miaka michache baadaye kijana wa zizi lililofagiwa anaajiriwa kumchana dume manyoya. Ndiyo sababu nauliza.

Mwenye Nchi

Sawa. Hapo nimekuelewa. Endelea.

Daktari wa Nyanda za Juu

Mimi ni daktari wa mifugo, nimefanya kazi Laikipia na Naivasha na farasi nawatibu mpaka leo. Nieleze kwa nini dume alikuwa mali ya ajabu hivyo, maana wengi wanadhani ni majivuno tu ya Wazungu. Majivuno yalikuwepo. Lakini kufuga farasi Afrika Mashariki ni kushindana na mauti.

Adui wa kwanza ni ule ugonjwa wa farasi wa Kiafrika. Ni virusi, vinaenezwa na usubi, wale wadudu wadogo kuliko mbu wanaouma jioni na alfajiri. Punda milia anabeba virusi hivyo bila hata kukohoa. Farasi mgeni akivipata anashikwa na homa, mashimo yaliyo juu ya macho yanafura, mapafu yanajaa maji, na mwisho unakuta povu jeupe linatoka puani kama sabuni. Kwa farasi ambao hawajawahi kuupata, katika kila 10 wanaweza kufa 7, 8, hata 9. Wachache wanaopona bei yao ilikuwa inapanda mara kadhaa, maana kila mtu alijua huyo ameshavuka.

Adui wa pili ni mbung'o. Treni ya kutoka Mombasa inakatiza nyika ya Tsavo, na hapo mnyama anaweza kupata nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, kabla hajaona hata nyasi za Njoro. Wa tatu kupe.

Njoro, Molo, Nakuru kwa juu, hizo zilichaguliwa kwa farasi kwa sababu ni zaidi ya mita 2,000, baridi, usubi wachache. Wachache, si sifuri. Ndiyo maana mabanda ya madume yalifungwa kabla jua halijazama na kufunguliwa jua likishapanda, madirisha yana wavu, na wengine walifukiza moshi. Chanjo ya maana ilikuja miaka ya 1930 kutoka Onderstepoort, Afrika Kusini. Kabla ya hapo mtu angeweza kuagiza dume kwa bei ya shamba dogo akamzika baada ya msimu mmoja wa mvua.

Sasa hesabu mwenyewe. Gharama ya kumnunua, meli, treni, na uwezekano wa kumpoteza. Hakuna setla wa kawaida aliyeweza kubeba hilo peke yake. Mmoja ananunua, wilaya nzima inalipia kwa ada. Tangazo la gazeti ni njia ya kurudisha fedha kabla usubi hajafika.

Na ile sentensi ya mwisho ya tangazo, ya kutowajibika kwa ugonjwa, haikuwa urembo. Kuna ugonjwa wa farasi wa jamii ile ile ya nagana ambao hauhitaji mbung'o. Unapita kwa kupandana tu. Jike mmoja mgonjwa akiletwa, dume anaupata, na dume anawagawia wote watakaofuata.

Bibi wa Sisibo

Mimi nipo Eldoret, na wazee wa huku wanaiita Sisibo mpaka leo, kutokana na namba ya shamba, 64. Nataka kuongeza kwamba si masetla wote walikuwa malodi. Makaburu waliokuja 1908, familia zipatazo 47 chini ya Van Rensburg, walishuka Mombasa kwa meli ya Windhuk, wakapanda treni hadi Nakuru, halafu wakakata msitu na matope na magari ya ng'ombe mpaka Sergoit. Hao farasi wao hawakuwa wa mashindano. Farasi alikuwa miguu ya mtu. Unamtaka mfupi, mgumu, asiyechagua chakula. Dume wa Njoro mwenye ukoo wa kuchapwa gazetini, Kaburu wa Uasin Gishu angemtazama miguu myembamba ile akacheka.

Kwa hiyo mnaposema dume wa wilaya, muulize kwanza ni wa kazi gani.

Mjukuu wa Saisi

Kweli kabisa mama. Wa guka alikuwa wa mbio. Njoro ilikuwa na historia hiyo kabla yake: Delamere alikuwa pale tangu miaka ya 1903 na 1904, na jirani yake Charles Clutterbuck alifuga na kufundisha farasi wa mbio, yule baba yake Beryl Markham. Binti ndiye aliyekuja kuvuka Atlantiki peke yake kwa ndege mwaka 1936 kutoka Uingereza hadi Nova Scotia, lakini kabla ya ndege alikuwa mfundishaji wa farasi, na baada ya ndege akarudi kwa farasi. Amelelewa pale Njoro na watoto wa Kipsigis na wa Nandi, akiruka na mkuki. Nasikia Clutterbuck naye alikuwa na dume wa kuagizwa, Camciscan.

Shamba la Clutterbuck lilianguka karibu 1920. Ukame, na pesa. Ukumbuke mwaka huo rupia ilifungwa kwa shilingi mbili badala ya shilingi moja na peni nne za Kiingereza, aliyekuwa na deni benki akalala na deni moja akaamka na moja na nusu. Kisha florini, kisha shilingi tunayoijua.

Shangani Baraza

Yakhe, na sie wa Unguja tupeni nafasi. Mnazungumza kama dume wa kuagizwa alianza na masetla. Waarabu wa Maskati na Unguja walikuwa wakisafirisha farasi baharini karne na karne. Mwaka 1840 Seyyid Said alituma jahazi lake Sultana mpaka New York, nahodha mjumbe akiwa Ahmad bin Na'aman, na katika zawadi za rais Van Buren mlikuwa na farasi wawili wa Kiarabu. Rais kwa sheria zao hawezi kupokea zawadi ya mfalme, basi Wamarekani wakawapiga mnada, pesa zikaingia serikalini. Farasi wa Sultani kupigwa mnada kama vyombo vya marehemu!

Na hao farasi wa mbio wa Kiingereza wenyewe, ukifuata upande wa baba hadi mwisho, wote wanarudi kwa madume watatu walioletwa kutoka mashariki: wa Byerley, wa Darley na wa Godolphin. Kwa hiyo dume wa guka yako alikuwa mjukuu wetu aliyepotelea Ulaya, akarudi kwa treni.

Kondoa Kwetu

Hahaha Shangani umeua.

Na mimi niweke la kwetu. Mwaka 1916 wapanda farasi wa Afrika Kusini chini ya Van Deventer walitoka upande wa Arusha wakaingia Kondoa Irangi tarehe 19 Aprili, katikati ya masika. Walikuja kupigana na Wajerumani. Farasi walikufa kwa mamia njiani, na mwaka ule mzima Tanganyika ikawameza kwa maelfu, mbung'o na ule ugonjwa aliousema daktari. Waliomaliza vita wengi walimaliza kwa miguu. Hata masetla wa Kenya mwaka 1914 walijiunga na farasi wao wenyewe na baghala wao, wakaenda kupigana Longido mwezi Novemba.

Nasema baghala makusudi, maana nikisema nyumbu Watanzania watadhani wa Serengeti.

Daktari, swali. Nimesikia Wajerumani Kilimanjaro walijaribu kufuga punda milia badala ya farasi, kwa sababu hafi. Kweli?

Daktari wa Nyanda za Juu

Kweli, na Waingereza Naivasha nao walijaribu, wakamchanganya na farasi. Wazo zuri kwenye karatasi: punda milia hafi kwa usubi wala mbung'o. Tatizo ni punda milia mwenyewe. Anang'ata na haachii, na hata akifugwa hana uvumilivu wa kazi ya siku nzima. Mtoto wa mchanganyiko naye hazai.

Kuna mkasa unaohusiana na uzi. Wafugaji wengi wa karne ya 19 waliamini kwamba dume wa kwanza kumpanda jike anaacha alama tumboni, na watoto wa baadaye wa madume wengine watafanana naye. Yote yalitokana na jike mmoja wa Lord Morton aliyepandishwa kwa kwaga, ndugu wa punda milia aliyekwisha kutoweka, kisha akazaa na dume wa kawaida mtoto mwenye mistari miguuni. Hata Darwin aliliamini. Mpaka miaka ya 1890 Cossar Ewart, profesa wa Edinburgh, alipochukua dume wa punda milia aitwaye Matopo, akampandisha majike ya farasi, kisha majike hao hao akawapandisha madume wa farasi. Watoto wakaja farasi tu. Imani ikafa vitabuni, lakini mashambani haikufa upesi. Mzee mmoja, mteja wangu, mpaka miaka ya 1990 hakutaka jike wake mzuri aanze na dume wa ovyo, "asije akaharibika".

Kondoa Kwetu

Hata kwa binadamu kuna wanaoamini hivyo, tusiende huko.

Mtoa mada, hebu tueleze siku yenyewe ya kupandisha. Guka alisimuliaje?

Mjukuu wa Saisi

Alisimulia mara nyingi, na hakuwa na aibu, kwake ilikuwa kazi kama kukama.

Jike analetwa kwa miguu na kijana wa shamba la jirani, maili nane au tisa. Siku hiyo hapelekwi popote. Anapumzishwa, analishwa, anaangaliwa kwato na macho. Kesho yake anajaribiwa. Kulikuwa na ubao mzito wa mtarakwa uliofika kifuani. Jike upande huu, na upande ule wanamleta farasi mwingine kabisa, poni mdogo wa Kisomali ambaye hakuhasiwa. Kazi ya poni ni kunusa na kuita. Jike ambaye hayuko tayari analaza masikio, anapiga ukelele, anapiga ubao teke ambalo lingemvunja dume wa thamani mguu. Aliye tayari anatulia, anainua mkia, anakojoa kidogo kidogo. Poni akishatoa habari anarudishwa bandani na hasira zake. Guka akifika hapo alikuwa akicheka mpaka machozi: "Maskini yule, miaka kumi anabisha hodi, hajafunguliwa mlango hata siku moja."

Halafu mkia wa jike unafungwa kitambaa, anaoshwa nyuma kwa maji ya vuguvugu, miguu ya nyuma inafungwa mikanda ya ngozi asirushe. Mtu wa pili anamshika mdomo wa juu kwa kitanzi cha kamba kwenye kijiti, anakizungusha kidogo, jike anabaki anafikiria mdomo wake. Ndipo guka anamtoa Thiriba. Mnyororo unapita juu ya pua, siyo hatamu tupu. Dume anatoka amesimama kwa miguu miwili, na guka anaongea naye Kikuyu. Setla amesimama na daftari, anaandika tarehe.

Namna ya kujua kama kazi imekamilika ni mkia wa dume. Unapanda na kushuka, unapanda na kushuka, kama mpini wa pampu ya kisima. Guka akiuona anaita "tayari", setla anaandika. Jike anatembezwa taratibu. Siku ya 21 anarudishwa kwenye ubao kwa yule poni; akimfukuza, ameshika. Miezi 11 mtoto.

Kidole kilikwenda siku ya mvua, jike ameteleza, guka akarefusha mkono kumvuta dume asimwangukie. Setla alimpeleka hospitali ya Nakuru kwa gari lake mwenyewe, hilo guka alilisema kila mara. Na kwamba alikatwa siku tatu za mshahara, hilo pia alilisema kila mara.

Daktari wa Nyanda za Juu

Hayo ni sahihi mpaka la mkia. Na niwaambie, farasi wa mbio hadi leo lazima wapandishwe hivyo hivyo, mnyama kwa mnyama. Mbegu ya kwenye mrija haikubaliki kwenye daftari lao la ukoo. Ng'ombe wa Kiambu anapata mbegu ya Ulaya kwenye mtungi wa baridi, farasi wa Ngong lazima amtembelee dume.

Jambo jingine: Ulaya majike huingia joto siku zinaporefuka, kwa hiyo msimu ni mfupi. Njoro ipo karibu kabisa na ikweta, siku hazirefuki wala hazifupiki. Jike anaweza kuwa tayari mwezi wowote. Tarehe za msimu kwenye matangazo yale ni desturi za kwao walizokuja nazo kwenye mabegi, pamoja na hofu ya mvua.

Mwana wa Murang'a

Turudi kwa jina. Mkikuyu wa zamani hakuwa na L, hakuwa na V, na S aliigeuza TH. Kwa hiyo Thiriba ni Silver, sina shaka. Tirimu ni Dream au Stream. Lakini Stream ingekuwa na S mbele, angesema "thitirimu". Mimi nasema Silver Dream.

Bibi wa Sisibo

Au Trim. Au Silver ni jina la wafanyakazi tu na la kwenye karatasi ni jingine kabisa. Kwetu kulikuwa na farasi aliyeitwa kwa Kiingereza jina la kanisa zima, vijana wakamwita Chapati.

Daktari wa Nyanda za Juu

Alikuwa rangi gani? Ukisema wa kijivu nitakupa kitu.

Mjukuu wa Saisi

Wa kijivu! Guka alisema ujanani madoa kama anga la mawingu, uzeeni mweupe kabisa.

Daktari wa Nyanda za Juu

Basi umepunguza kazi kwa nusu. Ujivu kwa farasi hauruki kizazi. Mtoto wa kijivu lazima baba au mama awe wa kijivu, na mzazi huyo naye vivyo hivyo, mnyororo haukatiki. Enzi hizo farasi wa mbio wa kijivu walikuwa wachache, na wengi wao ukiwafuata unafika kwa The Tetrarch, aliyezaliwa Ireland mwaka 1911, au kwa baba yake Roi Hérode. Usitafute jina. Tafuta tangazo lenye rangi ya kijivu na mmoja wa hao wawili kwenye ukoo.

Nenda maktaba ya McMillan Nairobi, na Hifadhi ya Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue. Anza na East African Standard, lile gazeti lililoanzishwa na Jeevanjee Mombasa mwaka 1902, likahamia Nairobi 1910. Masetla walilisoma kama msahafu.

Mwenye Nchi

Na mimi nimeingia mtegoni, naulizia. Guka aliondokaje pale mwaka 1953?

Mjukuu wa Saisi

Hali ya Hatari, wakati wa Mau Mau. Wakikuyu wa Bonde la Ufa walipakiwa kwenye malori na treni kurudishwa kwenye maeneo waliyotengewa Wakikuyu, wengine hawakuwahi hata kuishi huko. Guka alipewa asubuhi moja. Dume alikuwa bado hai, mzee. Aliyepewa mnyororo ni kijana aliyekuwa akiosha ndoo.

Daktari, umenikumbusha kitu kwa habari ya ujivu, sijui niliwezaje kukisahau. Kuna mwaka jirani alikuja na ghadhabu. Jike wake amezaa mtoto mweusi tii, na dume ni wa kijivu, jike ni wa hudhurungi. Akasema amedanganywa, jike alipandwa na yule poni wa Kisomali, halipi ada. Setla wake guka akaanza kuyumba, akamwita guka aseme kama kuna siku ubao ulifunguka. Guka akaomba aende amwone mtoto. Wakaenda wote watatu, guka kwa miguu nyuma ya farasi wao. Akamshika yule mtoto kichwa, akamgeuzia kwenye mwanga, akawaonyesha kuzunguka jicho: nywele nyeupe, chache, kama mtu aliyevaa miwani ya uzi. Akasema kwa Kiswahili, "Bwana, huyu ni mzee tayari. Ngoja mwaka."

Walingoja mwaka. Ada ililipwa. Guka alipewa ratili mbili za sukari, na nyanya alisema moja ilikuwa na mchanga.

Ijumaa nakwenda McMillan.

Kondoa Kwetu

Ukimpata weka picha hapa hapa, usifungue uzi mwingine.